Gololi za Baisikeli Kuukuu

Mazungumzo yetu ya leo yahusu kitu kidogo sana, ambacho mwenye baisikeli aweza kukaa miaka mingi asikione kwa macho, nacho ni gololi. Baisikeli, pamoja na mzigo wake na bwana aliyeipanda, hukaa juu ya gololi chache tu. Katika baisikeli za kale za Kiingereza, gurudumu la nyuma aghalabu lina gololi tisa kila upande, na kipenyo cha kila moja ni robo ya inchi. La mbele lina kumi kila upande, nazo ni ndogo zaidi, 3/16 ya inchi.

Mfaransa mmoja, Jules Suriray, alipewa hati ya uvumbuzi wa gololi za baisikeli mwaka 1869. Kisha mwaka 1883 Friedrich Fischer, wa mji wa Schweinfurt katika Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi za pua hata zikawa na mviringo kamili na ukubwa mmoja. Neno hili la ukubwa mmoja lishikeni sana.

Maana watu wengi, wakisikia gurudumu likilia kama lisagalo mchanga, hulifungua, wakaona gololi mbili zimepasuka, wakanunua mbili mpya na kuzichanganya na zile za zamani. Hivyo si vema. Gololi iliyotumika miaka mingi imelika, ijapokuwa jicho halioni. Ile mpya huizidi kwa kiasi kilicho chini ya unene wa unywele, na kiasi hicho chatosha kuifanya ibebe mzigo uliokuwa wa wote, hata ichimbe koni. Tuliwahi kufungua gurudumu la mtu aliyekuwa akipeleka maziwa sokoni kila siku, tukakuta gololi mbili mpya katikati ya saba kuukuu, na koni imejaa vishimo. Aliokoa senti chache, akalipa koni na kazi ya siku mbili.

Basi, badilisheni zote, pande zote mbili, na mzinunue katika pakiti moja. Chukueni moja ya zamani dukani iwe kipimo.

Kabla ya kufungua, tandikeni kitambaa cheupe, kwa kuwa gololi hupenda kukimbilia majanini. Legezeni nati na koni ya upande mmoja tu, kisha mhesabu gololi za kila upande. Osheni vikombe, koni na ekseli kwa mafuta ya taa, mkaushe, halafu mtazame koni mwangani. Ikiwa njia ya gololi inang'aa na ni laini, yafaa bado. Ikiwa ina vishimo, nunueni koni nyingine, au gololi mpya zitakuwa hasara tupu.

Pakeni grisi ya kutosha katika kikombe, mkazipange gololi moja moja, grisi itazishika. Iwapo hesabu ya kwanza ilipotea, jazeni kikombe, kisha mwondoe moja. Pasipo nafasi hiyo ndogo husuguana, na moja yaweza kupanda juu ya wenzake ikavunjika.

Sasa kazi ya kukaza, ambayo huwashinda wengi. Kazeni koni kwa vidole mpaka isimame, mkairudishe nyuma kidogo, kisha mwishike kwa spana nyembamba huku mkikaza nati ya kuifunga. Nati hiyo huisukuma koni, kwa hiyo msishangae mkirudia mara tatu au nne; hata fundi mzoefu hurudia. Ekseli ikizungushwa kwa vidole isikwaruze, na gurudumu likitikiswa kwa ubavu lisicheze. Likiwa limetundikwa, nalo limesimama na valvu juu, uzito wa valvu peke yake wapaswa kulizungusha polepole hata valvu ifike chini.

Baada ya juma moja la safari, tikiseni tena gurudumu kwa ubavu. Gololi mpya hujikalia mahali pake, na mara nyingi koni itahitaji kukazwa tena kidogo.