Gari gani lafaa kuvuta karavani? Toka Peugeot 504 hadi magari ya umeme

Kila mwaka, katika miezi ya Julai na Agosti, barabara kuu zinazotoka Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani kuelekea kusini mwa Ufaransa, Italia na Uhispania hujaa magari yanayovuta vijumba vyeupe vyenye magurudumu. Vijumba hivyo huitwa karavani. Ndani mna vitanda, meza, jiko la gesi na mara nyingi choo. Familia hulala humo wiki mbili ao tatu bila kulipa hoteli.

Karavani haina motere. Inategemea gari lililo mbele yake, na hapo ndipo swali linapoanzia: gari gani linafaa kuivuta? Madereva wa Ulaya wamelijadili swali hilo kwa miaka zaidi ya mia moja. Leo limerudi kwa nguvu, kwa sababu magari ya mazutu yaliyoifanya kazi hiyo kwa muda mrefu yanapungua madukani, na yale ya umeme yanachukua nafasi yao. Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi, mjadala huu una majina anayoyafahamu vizuri: Peugeot 504, Mercedes ya zamani, Land Rover na Land Cruiser.

Farasi wawili, kisha motere

Mwaka wa 1885, daktari na mwandishi mmoja wa Uskoti, Gordon Stables, aliagiza atengenezewe gari la kulala na kusafiria kwa starehe. Aliliita "The Wanderer". Lilikuwa na uzito wa karibu tani mbili na lilivutwa na farasi wawili. Mwaka wa 1919, kampuni ya Eccles ya Birmingham, huko Uingereza, ilianza kutengeneza karavani za kuvutwa na magari ya motere. Nchini Ujerumani, Arist Dethleffs wa mji wa Isny alitengeneza ya kwake mwaka wa 1931. Kazi yake ya biashara ilimlazimu kusafiri mara kwa mara, na Fridel Edelmann, aliyekuwa mchoraji, alitaka kusafiri pamoja naye.

Magari ya nyakati hizo yalikuwa na nguvu ndogo, kwa hiyo karavani nazo zilitengenezwa kwa mbao na vifaa vyepesi. Toka mwanzo ilieleweka kwamba gari na karavani ni lazima vilingane. Wengi hulisahau jambo hilo wanapotazama ukubwa wa motere peke yake.

Uzito kwanza

Kuna mambo manne yanayolifanya gari kuwa mvutaji mzuri.

La kwanza ni uzito wa gari lenyewe. Karavani iliyo nzito kuliko gari inaweza kuliyumbisha, hasa kwenye mteremko, ao upepo unapovuma kutoka ubavuni, ao lori kubwa linapopita kwa kasi. Mkia ukianza kuyumba kushoto na kulia, kila mara unayumba zaidi, na mwishowe gari na karavani vinaweza kupinduka pamoja. Ndiyo sababu nchini Uingereza dereva asiye na uzoefu hushauriwa kwamba uzito wa karavani pamoja na mizigo usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Gari la kilo 1,500 basi livute karavani isiyozidi kilo 1,275.

La pili ni nguvu ya kuzungusha magurudumu wakati motere ingali inazunguka polepole. Hapo ndipo mazutu ilipojipatia sifa. Motere ya esanse mara nyingi huhitaji kuzungushwa kwa kasi ili itoe nguvu yake yote, lakini ya mazutu huanza kuvuta mapema, jambo linalosaidia sana kuondoka mlimani.

La tatu ni freni na kupoza motere. Kuvuta ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusimama. Karavani kubwa huwa na freni zake, ambazo hujikaza zenyewe pale gari la mbele linapopunguza mwendo na karavani kuisukuma ndoano. Hata hivyo, kwenye mteremko mrefu dereva anapaswa kushuka kwa vitesi ndogo, la sivyo freni hupata moto na kuacha kushika.

La nne ni namna mizigo inavyopangwa. Kijana anayesukuma chukudu kwenye barabara za Goma anajua kwamba gunia likiwekwa nyuma sana, mbele kunainuka na usukani unakosa kazi. Karavani ni vilevile. Mizigo mizito huwekwa chini, karibu na ekseli, na sehemu ndogo ya uzito, asilimia 5 hadi 7, iegemee kwenye ndoano ya gari. Kwa karavani ya kilo 1,275, hiyo ni kati ya kilo 65 na 90 hivi.

Magari yaliyopendwa zamani

Mwaka wa 1955, Citroën ilionyesha DS jijini Paris. Badala ya ressort za kawaida, gari hilo lilitumia mafuta na gesi kujibeba. Ukiweka mzigo nyuma, lilijiinua lenyewe hadi kimo chake cha kawaida. Kwa mwenye karavani hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa gari likikaa chini nyuma, magurudumu ya mbele hupoteza uzito na taa huangaza angani. CX iliyoifuata ilibaki na utaratibu huohuo.

Peugeot 504 ilitokea mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya. Ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo uzito ulioegemea kwenye ndoano uliyasaidia kushika barabara. Ile ya nyuma ndefu, ambayo Wafaransa huiita break, ilibeba familia, mizigo na bado ikavuta. Afrika iliijua kwa kazi nyingine. Ilitengenezwa Kaduna nchini Nigeria na pia nchini Kenya, na katika nchi nyingi ikawa teksi ya safari ndefu. Sababu ni zilezile zilizoifanya ipendwe na wavuta karavani: ilikuwa imara, na fundi wa kawaida aliweza kuitengeneza.

Kuanzia mwaka wa 1976 hadi 1986, Mercedes iliuza aina inayojulikana kama W123, karibu magari milioni 2.7. Break yake ilikuwa na utaratibu wa kujisawazisha nyuma. Zile za mazutu zilisifika kwa kudumu, si kwa mwendo. 200D ilikuwa na nguvu za farasi 60 tu. Motere isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Basi kwenye njia ya milimani ya Gotthard, huko Uswisi, yenye kimo cha mita 2,106, 200D ilibakiwa na farasi wasiofika 50. Walio nyuma yake walilazimika kuvumilia. Kwa hesabu hiyohiyo, gari kama hilo mjini Goma, penye kimo cha mita 1,500 hivi, linaanza safari likiwa limekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake.

Uswidi ilileta Volvo 240, iliyotengenezwa toka 1974 hadi 1993. Ilikuwa nzito, yenye umbo la sanduku, na nyuma palikuwa na nafasi kubwa. Katika Uholanzi na Uingereza ilikuwa kawaida kuiona na karavani mgongoni. Waliokuwa na pesa zaidi walichukua Range Rover, iliyotokea mwaka wa 1970 ikiwa na motere ya V8 na nguvu katika magurudumu yote manne. Hiyo iliitoa karavani hata katika uwanja wa matope, lakini ilikunywa esanse nyingi.

Karavani 41 zilizopita Kongo

Historia hii iligusa pia ardhi ya Kongo. Mwaka wa 1959, Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa karavani za aluminiamu za Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Msafara huo ulipita Kongo, iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji, na ukaendelea kaskazini kupitia Ethiopia. Ulimalizikia Misri mwaka wa 1960, karavani zikapigwa picha mbele ya piramidi.

Wasafiri wengi walitumia pikapu na magari makubwa ya Marekani. Gari la mjini lisingeweza. Kwenye barabara ya udongo wakati wa mvua, tani moja inayovutwa huwa nzito zaidi ya tani moja kwenye lami, kwani magurudumu huzama na kila kilima hudai nguvu maradufu. Madereva wa malori wa Walikale na Shabunda hawahitaji kufundishwa hilo.

Leo: mazutu inarudi nyuma

Katika miaka ya 2000 na 2010, mfalme wa barabara za likizo alikuwa gari la familia la mazutu lenye turbo: Volkswagen Passat, Škoda Octavia na Superb, Volvo V70, na baadaye magari marefu kama Kia Sorento na Hyundai Santa Fe. Turbo iliondoa taabu ya milimani, na vifaa vya kielektroniki vikaanza kuhisi karavani inapoyumba na kufunga freni kabla dereva hajatambua. Kwa karavani nzito zaidi, Land Rover Discovery na Toyota Land Cruiser ziliruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500.

Mwezi wa Septemba 2015, Volkswagen ilikiri kwamba karibu magari milioni 11 ya mazutu yaliwekewa programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Imani kwa mazutu ilishuka. Miji nayo iliweka mipaka: Antwerp mwaka wa 2017 na Bruxelles mwaka wa 2018 zilianza kuzuia magari ya zamani yenye moshi mwingi.

Gari la umeme, kwa upande wa kuvuta tu, ni bora. Ni zito kwa sababu ya betri, na nguvu yake yote inapatikana toka gurudumu linapoanza kuzunguka. Tesla Model Y inaruhusiwa kuvuta kilo 1,600, BMW iX kilo 2,500, na Kia EV9 ya magurudumu manne kilo 2,500. Tatizo ni umbali. Karavani ni ukuta unaosukuma hewa, na mara nyingi gari likiivuta hufika karibu nusu tu ya safari yake ya kawaida. Gari la kilometa 400 linabaki na 200. Na kwa kuwa safarini watu hujaza betri hadi asilimia 80 tu ili wasipoteze muda, na hawangoji iishe kabisa, kituo kinahitajika kila kilometa 130 ao 140. Vituo vingi vilijengwa kwa ajili ya gari peke yake, hivyo dereva analazimika kuifungua karavani, kuiacha kando, kujaza umeme, kisha kuifunga tena.

Permis na bima

Wakongo wanaoishi Ulaya na wanaofikiria kununua ao kukodi karavani wanapaswa kutazama karatasi kabla ya gari. Katika Umoja wa Ulaya, permis ya B inaruhusu kuvuta kitu chenye uzito wa hadi kilo 750. Kikizidi hapo, uzito unaoruhusiwa wa gari na karavani kwa pamoja usipite kilo 3,500. Zaidi ya hapo kuna mafunzo ya B96, yanayofikisha jumla hiyo kilo 4,250, ao permis ya BE. Mwendo pia una mipaka: Ujerumani ni kilometa 80 kwa saa, ao 100 kwa waliopewa kibali, na Uholanzi ni 90. Anayepita uzito uliokubaliwa anaweza kupigwa faini na kuzuiwa barabarani, na ajali ikitokea, anaweza kugombana na bima.

Ndoano inayosema mengi

Mwaka wa 2020, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitangaza kwamba magari ya mitumba milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018. Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi. Mengi ya yale yanayofika mashariki mwa Kongo hutoka Japani kupitia Mombasa na Dar es Salaam, lakini ya Ulaya nayo yapo, na mengine yalivuta kabla ya kuuzwa.

Mnunuzi anaweza kulitambua. Achungulie chini ya bampa ya nyuma: ndoano, ao matundu ya bulo na waya wa taa uliokatwa, ni dalili. Haimaanishi gari ni bovu. Inamaanisha ajaribu ambreyaje kwenye mlima, aangalie mafuta ya sanduku la vitesi kama yameungua, akague ressort za nyuma kama zimelala, na atazame kama motere inapata moto upesi. Ambreyaje ikiteleza, mnunuzi ndiye atakayelipia likizo za mtu asiyemjua.

Kwa anayetaka kuvuta, iwe karavani nchini Ubelgiji ao rimoriki ya mbao kati ya Butembo na Beni, hesabu inabaki moja. Kwenye mlango ao chini ya bonet ya magari mengi kuna kibao kidogo cha chuma chenye uzito ambao mtengenezaji ameruhusu. Ndicho cha kusoma kwanza, kabla ya kuuliza motere ina farasi wangapi.