Bati Lipi? Istilahi na Upimaji wa Joto Mahususi la Metali Kusini mwa Maniema

Utangulizi

Neno bati lina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza, ni metali nyeupe, laini, iyeyukayo upesi. Pili, ni karatasi ya kuezekea nyumba. Hata hivyo, mabati ya kuezekea kwa kawaida si bati kwa maana ile ya kwanza, bali ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu.

Huko Lusangi, katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, utata huu si wa kikamusi tu. Maniema ni nchi ya bati. Mawe yenye metali hiyo yamechimbwa Kalima tangu miaka ya 1930, kwanza na kampuni ya Symétain na kisha, kuanzia 1976, na SOMINKI. Aidha, mwanafunzi wa huko huzungumza Kiswahili sokoni, lakini katika shule ya sekondari husomeshwa fizikia kwa Kifaransa. Aghalabu huikariri kanuni bila kuweza kuwaeleza wazee wake maana yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jaribio moja la kalorimita laweza kuutatua utata huo, na kwamba laweza kuelezwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Joto na halijoto

Katika usemi wa kila siku neno moto hubeba mengi: moto wa kuni, maji ya moto, chuma cha moto. Fizikia hudai tofauti iliyobainishwa na Mskoti Joseph Black katika karne ya 18. Halijoto (wengine husema jotoridi) ni kile kisomwacho katika kipimajoto. Joto ni nishati inayotoka kitu kimoja kwenda kingine. Cheche ya mhunzi ina halijoto kubwa kuliko maji yachemkayo, lakini ikimdondokea mtu mkononi huzimika mara moja. Sufuria ya maji ikimmwagikia, humbabua, kwa kuwa ina joto jingi la kutoa.

Joto mahususi, basi, ni kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha halijoto ya gramu moja ya kitu kwa digrii moja ya Selsiasi. Kwa maji ni jouli 4.18, kwa alumini ni 0.90.

Jaribio

Kipande cha metali hupimwa uzani, hufungwa uzi, na kuning'inizwa katika maji yachemkayo kwa dakika kumi hivi. Kisha huhamishwa upesi hadi katika kikombe cha alumini chenye maji baridi, kilichozungushiwa kitambaa. Maji hukorogwa, na halijoto ya juu kabisa husomwa. Joto lililotoka katika metali ni sawa na joto lililopokewa na maji pamoja na kikombe:

m₁ × c × (T₁ − T) = (m₂ × 4.18 + m₃ × 0.90) × (T − T₂)

Hapa m₁ ni gramu za metali, m₂ za maji na m₃ za kikombe. T₁ ni halijoto ya metali ilipotoka motoni, T₂ ya maji baridi, na T ya mwisho.

Mwalimu asiandike T₁ kuwa digrii 100 kwa sababu tu kitabu kimesema hivyo. Kasongo uko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye digrii 98 hivi.

Tuchukue mfano wa kipande cha gramu 300, maji gramu 200 yenye digrii 25, na kikombe cha gramu 60. Maji na kikombe kwa pamoja huhitaji jouli 890 kwa kila digrii. Ikiwa halijoto ya mwisho ni 30.2, maji yamepanda digrii 5.2 na metali imeshuka digrii 67.8; hivyo c = 890 × 5.2 ÷ (300 × 67.8) = 0.228. Hilo ni bati halisi. Ikiwa halijoto ya mwisho ni 34.6, c = 890 × 9.6 ÷ (300 × 63.4) = 0.449. Hicho ni chuma, nacho kimetoka paani.

Makosa yapo. Gramu moja ya maji ya moto iliyong'ang'ania kipande cha bati huongeza takriban jouli 280, yaani asilimia 6 ya joto lote; kwa hiyo kipande kikung'utwe. Kukosea nusu digrii katika kupanda kwa 5.2 ni kukosea karibu asilimia 10. Hata hivyo, joto mahususi la chuma ni karibu mara mbili ya lile la bati, na makosa hayo hayatoshi kuzichanganya metali hizi.

Sababu ya tofauti hiyo ilidokezwa na Wafaransa Dulong na Petit mwaka 1819: atomi za metali mbalimbali huhitaji takriban joto sawa kila moja. Atomi ya bati ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko ya chuma. Kwa hiyo gramu moja ya bati ina atomi chache zaidi, nayo huhitaji joto dogo zaidi.

Hitimisho

Hatupendekezi kwamba wenye nyumba waache kuita paa lao bati. Tunachopendekeza ni kwamba mwalimu aanze na neno ambalo mwanafunzi amekuja nalo kutoka nyumbani, amwachie alipime, kisha ampe istilahi. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake mabati mawili yakitoa majibu mawili hatakuwa na haja ya kukariri tofauti kati ya joto na halijoto, na jioni ataweza kuieleza kwao kwa lugha yao.