Kuhifadhi Usafi wa Sauti katika Kugeuza Faili za Vitabu vya Kusikiliza

Kitabu cha kusikiliza ni kitabu kilichosomwa kwa sauti kikanaswa, na kwa mwanaisimu kitabu cha namna hiyo si burudani tu, bali ni ushahidi wa matamshi. Lakini ni nadra ushahidi huo kumfikia mtafiti katika hali yake ya asili. Aghalabu faili imekwisha kugeuzwa kutoka muundo mmoja hadi mwingine, ama ili ipungue ukubwa, ama ili isomeke katika chombo fulani. Makala haya yanakusudia kueleza ni nini kipoteacho katika kugeuza huko, na ni kwa njia gani hasara yaweza kuepukwa.

Kompyuta huihifadhi sauti kwa kuipima mara nyingi katika kila sekunde. Katika santuri ndogo za CD sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kanuni ni kwamba mtetemo wa juu kabisa uwezao kuhifadhiwa haufiki zaidi ya nusu ya idadi ya vipimo. Kwa hiyo faili yenye vipimo 8,000 kwa sekunde, kama ilivyo desturi katika simu, haiwezi kubeba mitetemo inayozidi 4,000. Nguvu kubwa ya sauti /s/ imo juu ya kiwango hicho. Ndiyo maana katika simu neno «saa» huweza kudhaniwa kuwa «faa», ikiwa maana ya sentensi haikumsaidia msikilizaji.

Miundo ya faili yaweza kugawanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni la faili zisizobanwa, mathalan WAV: saa moja ya msomaji mmoja, katika mkondo mmoja wa sauti na kwa vipimo vya CD, huchukua megabaiti 317 hivi. La pili ni la faili zilizobanwa bila kupoteza kitu, mathalan FLAC, iliyotolewa mwaka 2001. Ikifunguliwa, hurudisha kila kipimo kama kilivyokuwa. La tatu ni la faili zilizobanwa kwa kupunguza sauti yenyewe, nazo ni MP3, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 1993, AAC ya mwaka 1997 na Opus ya mwaka 2012. MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua megabaiti 29 tu kwa saa.

Upungufu huo mkubwa hupatikana kwa kutumia udhaifu wa sikio. Sauti yenye nguvu huifunika sauti dhaifu iliyo karibu nayo, na ile iliyofunikwa huandikwa kwa makadirio au huachwa kabisa. Msikilizaji wa hadithi hadhuriki sana. Mpimaji wa matamshi aweza kudhurika. MP3 huipanga sauti katika vipande vya vipimo 1,152, yaani takriban sehemu 26 za elfu za sekunde, na kosa la makadirio huenea ndani ya kipande. Kipasuo kikitokea ghafla baada ya kimya, mvumo hafifu huweza kusikika kabla yake. Katika Kimvita, ambamo «paa» la nyumba hutofautiana na «p'aa» mnyama kwa mpumuo tu, muda wa namna hiyo si mdogo hata kidogo. Tena MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni mwa faili, hata nyakati zilizoandikwa kwa kufuata nakala moja zisilingane na nakala nyingine.

Kuna dhana iliyoenea kwamba faili ya kilobiti 64 ikigeuzwa kuwa ya kilobiti 128 itakuwa safi zaidi. Sivyo. Faili itaongezeka ukubwa, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hata kugeuza AAC kuwa MP3 ni kukadiria mara ya pili kitu kilichokwisha kukadiriwa, na makosa ya mara ya kwanza hujumlishwa na ya pili.

Kwa sababu hiyo sharti la kwanza ni kurudi kwenye chanzo. Mathalan vitabu vya LibriVox, mradi ulioanzishwa mwaka 2005, hupatikana kwa kilobiti 64 na kwa kilobiti 128. Yafaa kuchukua hii ya pili. Sharti la pili ni kutogeuza pasipo haja. Faili ya M4B kwa kawaida ni AAC iliyowekwa pamoja na alama za sura. Ikitakiwa M4A, yatosha kubadili chombo chake bila kuigusa sauti. La tatu, ikiwa hapana budi kubana upya, kazi ifanywe mara moja tu, kutoka WAV au FLAC, na idadi ya vipimo kwa sekunde isibadilishwe. Msomaji akiwa mmoja, mkondo mmoja wa sauti watosha, maana biti zote humtumikia yeye. La nne, kilele cha sauti kiachwe chini ya kikomo kwa desibeli moja au mbili, kwani kubana huweza kukiinua kilele kikakatwa.

Ikiwa iliyopo ni MP3 tu, kuifungua kuwa WAV kwa ajili ya vipimo hakuongezi madhara, wala hakurudishi kilichopotea. Faili ya awali ihifadhiwe vile vile, na historia yake iandikwe: imetoka wapi, imegeuzwa mara ngapi na kwa kiasi gani cha biti. Mtafiti asiyejua historia hiyo aweza kupima kazi ya kompyuta akadhani amepima ulimi wa msemaji.