Shawa 'inayouma kidogo' yaweza kukuua

MAJUZI mama mmoja alimkimbiza mwanawe wa miaka kumi katika zahanati yangu. Mtoto alikuwa akioga, akashika mfereji ili afunge maji, stima ikamrusha hadi mlangoni mwa bafu.

Kwa bahati nzuri hakuwa amezirai. Hata hivyo, alikuwa na kidonda kidogo cheupe kiganjani na moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Nilimtuma hospitali kubwa akapimwe mapigo ya moyo. Alilazwa usiku huo, na kesho yake akarudi nyumbani salama.

Nilipomwuliza mama kama shawa hiyo ilikuwa na kasoro, alinijibu bila wasiwasi: "Daktari, hiyo huuma kidogo tu tangu mwaka jana. Sisi huvaa malapa tukioga."

Siku hiyo mtoto alikuwa amesahau malapa.

Msomaji, huenda hata kwako kuna shawa, friji au pasi "inayouma kidogo" ambayo mmezoea kuishi nayo. Wiki hii ningependa tuzungumze juu ya mazoea hayo.

Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Kinachodhuru ni kiasi kinachopita mwilini. Miliampea moja, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea, huisikia kama mwasho mdogo. Ikifika kati ya 10 na 20, misuli ya mkono hukaza ukashindwa kuachilia ulichoshika. Ikifika 50 au 100 na kupitia kifuani, moyo waweza kuanza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Asiposaidiwa mara moja, mtu hufa kwa dakika chache.

Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia miliampea 250. Kwa hivyo usidhani kwamba ni mitambo mikubwa tu inayoua.

Ngozi kavu huzuia stima kwa kiasi, lakini ngozi iliyolowa huipitisha kwa urahisi. Hitilafu iliyokuwasha tu ukiwa umevaa viatu jikoni yaweza kukuua bafuni. Malapa nayo hayasaidii ukigusa mfereji kwa mkono mmoja na ukuta wenye maji kwa mwingine.

<b>Unayoweza kufanya mwenyewe</b>

Si kila tatizo linahitaji fundi. Ikiwa ni balbu moja tu inayozimazima, zima swichi, ngoja ipoe, kisha uibadilishe.

Ikiwa stima imekatika, chungulia kwa jirani. Ikiwa naye yuko gizani, hilo ni jambo la kampuni ya umeme. Ikiwa ni kwako pekee, angalia tokeni, kisha swichi zilizo kwenye kisanduku cha stima.

Swichi ikiwa imeruka, chomoa vyombo vyote, uirudishe, halafu uchomeke kimoja kimoja. Kile kitakachoirusha tena ndicho kibovu. Kiweke kando na usikitumie hadi kitengenezwe.

Fyuzi ya plagi ikiungua, weka nyingine ya kiasi hicho hicho. Usiweke kipande cha waya, msumari wala karatasi ya sigara. Fyuzi huungua ili nyumba isiungue.

Punguza pia mzigo. Birika la stima la wati 2,000 hutumia ampea 8 hivi, na pasi huweza kutumia kiasi kama hicho. Ukiviweka pamoja kwenye waya mmoja wa kurefushia, umepita ampea 13 ambazo soketi imetengenezewa.

<b>Mwite fundi bila kungoja</b>

Zima swichi kuu na umwite fundi ukiona mojawapo ya haya:

• Chombo chochote kinakurusha au kukuwasha ukikigusa. Mara nyingi waya wa kwenda ardhini haukuunganishwa au umekatika.

• Soketi au swichi ina joto, imegeuka rangi, inatoa cheche au inanuka plastiki inayoungua.

• Swichi inaruka hata baada ya kuchomoa kila kitu.

• Taa za nyumba nzima zinafifia na kuwaka ilhali za majirani ni sawa.

• Maji ya mvua yanavuja karibu na taa au soketi.

• Unataka kuweka shawa ya stima. Nyingi hutumia wati 5,000 au zaidi, yaani zaidi ya ampea 20. Yahitaji waya wake mnene na swichi yake, si kuungwa kwenye soketi.

Aidha, mwombe fundi akuwekee swichi ya usalama inayokata stima ikihisi miliampea 30 zikipotea. Ina kitufe kidogo cha kuijaribia, nawe ukibonyeze mara kwa mara uone kama inakata.

Fundi ninayemzungumzia si kijana yeyote mwenye koleo na bisibisi. Mafundi wa stima hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Omba uione. Ikiwa umepanga nyumba, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, na usikitumie chombo hicho unapongoja.

<b>Mtu akipigwa na stima</b>

Usimguse! Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa haiwezekani, simama mahali pakavu na umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Ikiwa ni waya wa barabarani umeanguka, kaa mbali kabisa na uite kampuni ya umeme.

Akiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari au ambulansi.

Palipoungua, mwagia maji safi ya kutiririka kwa dakika 20, baada ya stima kuzimwa. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta.

Mpeleke hospitalini hata kama anasema yuko sawa, ikiwa alizirai, ana maumivu ya kifua, moyo unamwenda ovyo, ameungua, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au ni mja mzito. Jeraha la stima huonekana dogo nje ilhali misuli ya ndani imeungua, na uchafu wa misuli hiyo huharibu figo. Mtoto aliyetafuna waya naye apelekwe, kwa maana mdomo waweza kuvuja damu nyingi siku kadhaa baadaye.

Jioni ile nilipofika nyumbani, nilikumbuka soketi moja ya jikoni kwetu ambayo mke wangu amekuwa akiilalamikia. Niliigusa, ikawa na joto. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimemjibu, "Nitaiangalia kesho."

Fundi alikuja asubuhi iliyofuata. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawe leo, zunguka nyumbani mwako na uulize kila mmoja: ni chombo gani hapa kinachouma kidogo?