Twiga Aliyekwenda China

Ningependa kuanza kwa paukwa, nanyi mniitikie pakawa, lakini paukwa ni ya ngano, na haya ya leo si ngano. Humu hamna sungura mjanja wala jini wa chupani. Yumo twiga tu, huyu huyu wa Mikumi, ambaye abiria wa basi la Iringa humtupia jicho mara moja kisha wakaendelea na mahindi yao ya kuchoma.

Mwaka 1414, mfalme wa Bengal, kule iliko Bangladesh ya leo, alimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga. Najua mtakaloniuliza: kwani Bengal kuna twiga? Hakuna. Twiga wa mwituni wako Afrika peke yake, na wanahistoria wengi huamini kwamba yule alitoka pwani yetu, akafika Bengal kama zawadi, kisha zawadi ikazawadiwa tena. Msicheke. Kwenu hakuna seti ya vikombe vya harusi iliyowahi kuhama namna hiyo?

Mwaka uliofuata, watu wa Malindi wakaona dalali wa nini. Wakapeleka twiga wao wenyewe, pamoja na wajumbe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana utamu uko hapa. Wachina walikuwa na hadithi za kale za mnyama aitwaye qilin, tamka "chilin". Ana mwili wa paa na mkia wa ng'ombe, pembe yake imevikwa ngozi, na upole wake ni wa ajabu: akitembea, hata majani hayakanyagi. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba qilin haonekani ovyo. Hujitokeza zama za mtawala mwadilifu tu. Basi hebu jitieni katika viatu vya waziri wa China. Mbele yako amesimama mnyama ambaye hujawahi kumwona maishani, ana mkia kama wa ng'ombe, vipembe vyake vimevikwa ngozi, hali nyama, hana kelele. Tena Wasomali, majirani wa Malindi, humwita twiga "geri", na wapo wataalamu wanaodhani kwamba jina hilo nalo lilisaidia, likapita masikioni mwa Wachina likasikika kama "qilin". Ungesema nini mbele ya mfalme wako? Mimi ningesema qilin, na ningesema kwa sauti.

Maana mfalme mwenyewe alikuwa na jambo lake. Huyu ni Yongle, aliyekalia kiti mwaka 1402 baada ya kumpiga vita, miaka mitatu mizima, mtoto wa kaka yake aliyekuwa mfalme halali. Kasri liliungua, na kijana yule hakuonekana tena. Mtu aliyepata ufalme kwa njia hiyo hulala jicho moja wazi. Halafu, kutoka baharini, anamjia mnyama ambaye hadithi zinasema huwatembelea watawala waadilifu tu!

Mawaziri walitaka kumwandikia salamu rasmi za pongezi. Yongle akazikataa. Aliwaambia wajitahidi kuwahudumia watu, kwani utawala mwema hauhitaji qilin. Maneno mazuri, na sina sababu ya kusema hakuyaamini. Lakini twiga yule alichorwa, na Shen Du, bingwa wa mwandiko wa kasri, akamtungia sifa. Nakala za mchoro huo zipo hadi leo: twiga ameinua kichwa, madoa yamepangwa kama wavu, na mtunzaji kashika kamba, kainua uso akimwangalia. Na twiga wa Malindi alipofika mwaka 1415, Yongle alitoka mwenyewe hadi lango la kasri kumpokea. Huyo ndiye mfalme asiyehitaji qilin.

Wakati huo bahari ilikuwa ya Zheng He, amiri aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu. Safari yake ya kwanza, mwaka 1405, ilikuwa na watu wapatao 27,000. Katika safari ya 1417 hadi 1419, meli zake ziliwarudisha wajumbe makwao na kufika pwani ya Afrika Mashariki. Na msidhani ni habari za vitabuni tu: mwaka 2013 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba kisiwani Manda, jirani na Lamu, walipata sarafu moja ya Kichina yenye tundu la mraba katikati. Ilikuwa na jina la Yongle.

Nikiwaza twiga melini huwa namhurumia nahodha. Shingo peke yake inakaribia mita mbili, lakini ina pingili saba tu, sawasawa na yako wewe, na sawasawa na ya panya. Tofauti ni urefu wa kila pingili. Ili damu ipande hadi kwenye ubongo, moyo wake husukuma kwa presha ambayo ni kama mara mbili ya yetu. Mtu mwenye presha hiyo angekimbizwa hospitali. Twiga anakula mikakaya. Miguuni ngozi yake imebana kama soksi ya mgonjwa wa mishipa, ili damu isijae chini, na akiinama kunywa maji, vali zilizo ndani ya vena za shingo huzuia damu isirudi kichwani kwa kishindo.

Ila kinachonichekesha mimi ni neva ya sauti. Inatoka kwenye ubongo kwenda kwenye koo, mwendo wa sentimita chache. Lakini haiendi moja kwa moja. Inateremka shingo yote hadi kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha inapanda tena hadi kooni. Ni sawa na mtu atoke Kariakoo kwenda Ilala kwa kupitia Chalinze. Wanasayansi wanasema chanzo ni mababu wa kale sana, jamii ya samaki, ambao hawakuwa na shingo. Kwao njia hiyo ilikuwa fupi. Shingo ilipoanza kurefuka, neva ilikuwa imeshanaswa nyuma ya mshipa, ikawa inavutwa tu kizazi baada ya kizazi. Na wewe unayo, inazunguka vivyo hivyo, ila Chalinze yako iko karibu.

Kila aliyemwona twiga kwa mara ya kwanza alimwona kwa macho ya kwao. Julius Caesar alimpeleka mmoja Roma mwaka 46 kabla ya Kristo, na Warumi wakaona ngamia aliyechanganyika na chui. Jina hilo limebaki katika jina lake la kisayansi, camelopardalis. Mwaka 1826 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimpeleka twiga jike Ufaransa kwa Mfalme Charles X. Alivuka bahari shingo ikiwa imetokeza kwenye tundu lililokatwa katika sitaha, pamoja na ng'ombe wa kumpa maziwa. Kutoka Marseille alitembea kwa miguu hadi Paris, siku 41, akiwa amevikwa koti la mvua. Wanawake wa Paris wakaanza kusuka nywele kwenda juu kama yeye.

Muhammad Ali alitaka Wafaransa wamwache amalize vita vyake na Wagiriki. Twiga alifika Paris Juni 1827. Oktoba mwaka huo huo, huko Navarino, manowari za Ufaransa, Uingereza na Urusi ziliziteketeza meli za Misri na Uturuki. Twiga aliendelea kula majani yake Paris hadi alipokufa mwaka 1845, na leo amekaushwa, amesimama kwenye ngazi za makumbusho ya La Rochelle.

China nako, qilin amerudi hadithini. Siku hizi twiga huitwa huko kwa maneno yenye maana ya "paa mwenye shingo ndefu". Wajapani wao bado wameshika jina la zamani. Mtoto wa Tokyo akipelekwa kwenye bustani ya wanyama, akamwona yule mrefu, humnyooshea kidole akasema "kirin!"