Kabla Gari la Zimamoto Halijavuka Maji

Mwezi Juni 1947, umati wa watu ulikivamia kituo cha zimamoto cha Mombasa. Haukuja kulalamikia gari lililochelewa wala nyumba iliyoachwa ikateketea. Uvumi ulikuwa umezagaa mjini kwamba wazimamoto hukamata watu na kuwatoa damu, na gazeti la East African Standard likaiandika habari hiyo. Pwani ilikuwa na jina lake kwa wanyonyaji damu wa aina hiyo: mumiani. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, amezikusanya hadithi za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires, na kuonyesha kwamba zilisimuliwa pia Nairobi, Kampala na hata upande wa Kongo.

White hawacheki waliozisimulia. Waliona magari mekundu yenye kengele, wanaume waliovaa sare, na jengo ambalo raia wa kawaida hakuwahi kukaribishwa ndani yake. Hakuna aliyewaeleza kinachofanyika mle. Pasipo maelezo, watu walijaza pengo wenyewe.

Hofu ya damu imekwisha, lakini umbali kati ya mzimamoto na mtaa haujakwisha. Wakazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe humwona mzimamoto siku moja tu, siku ambayo nyumba ya jirani imekwishakuwa majivu. Hapo gari hupokewa kwa matusi, na katika miji mbalimbali ya Kenya limewahi kupokewa kwa mawe. Ndiyo maana kazi ya zimamoto yenye faida kubwa zaidi kwa upande wa bara wa Mombasa hufanyika siku ambazo hakuna moto: katika baraza la chifu, uwanja wa shule, ua wa msikiti baada ya sala, au kanisani Jumapili mchana.

Kisheria, kazi hiyo ni ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka huduma za kuzima moto na kukabiliana na maafa mikononi mwa serikali za kaunti, na tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 Mombasa ndiyo inayobeba mzigo uliokuwa wa baraza la manispaa. Tanzania ilichagua njia nyingine: sheria ya mwaka 2007 iliunda jeshi moja la zimamoto na uokoaji kwa Tanzania Bara, na namba ya dharura ni moja, 114, kutoka Tanga hadi Kigoma. Zanzibar ina kikosi chake. Mkenya hupiga 999 au 112, kisha hutegemea uwezo wa kaunti anamoishi. Faida ya mfumo wa Kenya ni kwamba bosi wa mzimamoto yuko karibu. Mkazi wa Mtongwe ana haki ya kumuuliza mwakilishi wake wa wadi ni fedha kiasi gani zimetengewa magari na maji, na angefaa kumuuliza kila mwaka wa bajeti.

Jiografia nayo haibembelezi mtu. Gari likitoka kisiwani kwenda Kisauni lina Daraja la Nyali, ambalo jioni hujaa matatu na tuktuk. Likienda Changamwe litapita Makupa, njia hiyo hiyo ya malori ya makontena. Likienda Likoni njia fupi ni feri, na hata feri ikilipa nafasi ya kwanza, kupakia, kuvuka na kushuka kuna muda wake. Barabara ya Dongo Kundu sasa imeunganisha upande wa Miritini na ule wa kusini bila feri, lakini ni mzunguko mrefu kwa nyumba ambayo tayari inawaka.

Halafu kuna mtaa wenyewe. Nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na uani nyuma, ilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Leo mara nyingi kila chumba kina familia yake, jiko lake na ekstensheni yake ya umeme inayobeba televisheni, pasi, birika na simu nne. Katika nyingi ya nyumba hizo kuta za vyumba hazifiki paani, na dari hakuna. Moshi ukianza chumba cha kwanza hupita juu ya kuta na kumkuta mtoto amelala chumba cha sita kabla mwali haujatoka mlangoni. Wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi, wala si mwali. Anayetambaa chini, ambako hewa safi hubaki kwa muda mrefu zaidi, ana nafasi kubwa kuliko anayekimbia wima.

Vichochoro vya Mshomoroni, Mlaleo au Chaani havikupimwa kwa ajili ya gari la tani nyingi. Mara nyingi dereva huishia barabara kuu, na mipira ya maji huvutwa kwa mikono kati ya kuta, mikokoteni na vibanda. Nyumba hazina namba. Aliyepiga simu husema yuko nyuma ya msikiti, karibu na duka la mpemba, mkabala na mwembe, na misikiti mtaani ni mitatu. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu: mtu mmoja, ikiwezekana mwenye bodaboda, apewe kazi ya kusimama barabarani na kuliongoza gari. Vijana wa bodaboda wanavijua vichochoro kuliko ramani yoyote, na wanastahili kuitwa wa kwanza kila mafunzo ya moto yanapopangwa.

Katika mafunzo ya namna hiyo, sehemu inayovuta umati ni mtungi wa gesi. Afisa huuweka wima uwanjani, akaufungulia na kuuwasha, na mwali hutoka mdomoni kwa mngurumo unaowafanya watoto warudi nyuma. Kisha hushika taulo au gunia lililoloweshwa chapachapa, akajikinga nalo mikono na uso, akausogelea mtungi na kuufunga. Moto unakufa. Baada yake huitwa mtu kutoka umatini ajaribu, na hapo ndipo somo linapoingia, maana mama aliyekwisha kufunga mtungi unaowaka mbele ya majirani zake hatautupa wala kuukimbia ukimwakia jikoni.

Kanuni iliyo nyuma ya onyesho hilo lazima ifundishwe pamoja nalo. Kinachomaliza moto wa gesi ni kuifunga gesi. Mwali ukizimwa huku gesi inaendelea kuvuja, chumba hujaa hatari isiyoonekana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama sakafuni, chini ya kitanda na chini ya kabati, ikisubiri cheche. Yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya imetiwa makusudi ili pua ya binadamu ionywe. Ukiisikia, usiwashe taa na usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche kwa vyote viwili. Usiguse simu ukiwa ndani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu, kisha piga simu ukiwa nje. Na ikiwa mtungi wenyewe umezingirwa na moto pande zote, hapo si kazi ya gunia tena. Kila mtu aondoke, mbali.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye kiungo cha regyuleta na mpira, kamwe si kwa kiberiti. Mpira uliopasuka au kugeuka mgumu hubadilishwa. Mtungi husimamishwa wima, mahali penye hewa. Mtungi wa kilo 6 wenye meko juu yake huhitaji uangalizi zaidi, kwani moto na gesi vinakaa mwili mmoja na sufuria nzito huweza kuupindua.

Wapo wanaojaziwa gesi kichochoroni kwa bei nafuu. Hao wakumbuke Embakasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Mradi jijini Nairobi uliwaka kutokana na mlipuko katika kituo cha kujaza gesi kilichokuwa kikiendeshwa kati ya nyumba za watu. Watu walikufa, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilisema kwamba maombi ya kituo hicho yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia. Karatasi zilikataa, mitungi ikaendelea kujazwa, na walioungua ni majirani.

Mafuta ya kukaangia yana hila yake, na Pwani ni nchi ya karai. Alfajiri ni mahamri, jioni ni viazi karai, bajia na mihogo, na mwezi wa Ramadhani kila kona ya Likoni ina meza na jiko ifikapo alasiri. Karai likishika moto, mkono wa kwanza hukimbilia ndoo ya maji. Huo ndio msiba. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama chini, huchemka papo hapo na kugeuka mvuke unaotanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi usoni na paani. Kinachotakiwa ni kuzima jiko na kulifunika karai kwa kifuniko kikubwa au sinia, kisha kuliacha hapo hapo hadi lipoe. Kulibeba kulipeleka nje kumeunguza watu wengi.

Chetezo nacho kisisahaulike. Udi na ubani ni heshima ya nyumba, nguo hufukizwa na chumba cha bibi harusi hunukizwa, lakini kaa la moto likianguka kwenye mkeka au godoro la sufi hufuka kimya kwa saa nzima. Chetezo kikae juu ya sahani ya bati, mbali na pazia na chandarua, na makaa yazimwe kwa maji kabla watu hawajalala. Vivyo hivyo kwa jiko la makaa: kuliingiza chumbani siku ya mvua na kufunga mlango ni kujialikia hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Changamwe ina hatari isiyoanzia jikoni. Hapo ndipo kilipo kiwanda kilichosafisha mafuta tangu miaka ya 1960 hadi 2013, hapo pana matangi ya Kipevu, na kutoka hapo bomba la mafuta lilianza kupeleka bidhaa Nairobi mwaka 1978. Malori ya mafuta hupita usiku na mchana kando ya nyumba za watu. Mashirika makubwa ya eneo hilo, pamoja na bandari na uwanja wa ndege wa Moi, yana wazimamoto wao, na ni jambo jema. Hata hivyo yule anayechukua ndoo na kukimbilia petroli iliyomwagika hasaidiwi na wazimamoto wa mtu yeyote. Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa kando ya lori lililopinduka. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka bombani iliingia mtaroni, ikawaka na kuua zaidi ya watu 100 tena. Morogoro, Tanzania, Agosti 2019, ikawa yale yale, na wengi wa waliokufa walikwenda kuchota mafuta. Umaskini ndio uliowapeleka pale, na hakuna haki ya kuwasimanga. Ila mvuke wa petroli huenea chini chini mbali na dimbwi lenyewe, na pikipiki moja ikipigwa teke iwake, inatosha.

Kwa shule, mkasa haukutokea mbali. Mwezi Machi 1998, wasichana 26 walikufa bwenini katika Shule ya Sekondari ya Bombolulu, Kwale, mlango ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma. Miaka mitatu baadaye wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Septemba 2024, watoto 21 waliangamia Hillside Endarasha, Nyeri. Robo karne imepita kati ya mkasa wa kwanza na huo wa mwisho, na bado yapo mabweni yanayofungwa kwa kufuli kutoka nje. Kila mzazi wa Kisauni au Changamwe anayempeleka mtoto bwenini ana haki ya kumuuliza mwalimu mkuu maswali mawili kabla ya kulipa karo: mlango wa pili uko wapi, na mara ya mwisho watoto walifanyishwa zoezi la kutoka usiku ilikuwa lini. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zinataka zoezi la kuhama jengo angalau mara moja kila miezi 12. Mtoto anayelala bwenini hastahili pungufu ya hapo.

Nyumbani, vyuma vya madirisha vimewekwa kwa ajili ya wezi, na hofu hiyo ni ya kweli. Basi dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwe na chuma cha kufunguka kwa ndani, na ufunguo wa mlango ukae mahali pamoja, panapojulikana na kufikiwa hata na mtoto wa miaka saba gizani.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka, au yanayomiminwa kwa kata, kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta vibaki vilipo, maana huhifadhi joto ndani ya kidonda na humpa daktari kazi ya kuvikwangua.

Tarehe 4 Mei ni siku ya wazimamoto duniani, iliyoanzishwa baada ya wazimamoto watano kufa katika moto wa msituni huko Linton, Australia, Desemba 1998. Marekani na Kanada zina wiki yao ya kuzuia moto kila Oktoba, kwa kumbukumbu ya moto wa Chicago wa mwaka 1871. Kamati za mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe zinaweza kuzitumia tarehe hizo, au kuchagua zao, kama vile wiki mbili kabla ya Ramadhani, makarai yakiwa bado hayajatolewa, au Desemba, kaskazi inapoanza kuvuma na makuti kukauka. Barua ya mwaliko hupelekwa idara ya zimamoto ya kaunti kupitia chifu au ofisi ya wadi. Wenyeji waandae uwanja, mtungi wa gesi, magunia mawili, pipa la maji, na orodha ya vijana wa bodaboda watakaokubali kulingoja gari barabarani.