Safari Isiyo na Nauli

Mara kwa mara twaulizwa na wazazi, na vijana pia, "Tufanyeje tupate kusema Kiingereza cha mambo yajayo pasipo kukosea?" Basi mwezi huu twapenda kuwaletea njia moja tuliyoijaribu nyumbani mwetu, nayo haihitaji kitabu cha bei kubwa. Ni kukaa pamoja baada ya chakula cha usiku, baba, mama na watoto, na kupanga safari ya likizo ya kwenda Uingereza. Safari ya maneno tu, isiyo na nauli. Lakini kwanza hatuna budi kuwasimulia kisa kilichotufundisha ya kuwa jambo hili si mchezo.

Miaka kadhaa iliyopita, mwalimu wetu wa zamani, Mwingereza aliyetufundisha tulipokuwa vijana, alirudi kututembelea. Siku ya Alhamisi tulikutana naye njiani, naye akatuuliza, "What are you doing on Saturday?" Sisi tulidhani ya kuwa atuuliza desturi yetu, yaani kazi tuifanyayo killa Jumamosi. Tukamjibu kwa furaha kwamba Jumamosi twalima shamba tangu asubuhi hata jioni. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, vema," tukaagana. Kumbe alitaka kutualika chakula cha kuagana, maana Jumapili alikuwa akiondoka! Tulipopata habari, alikuwa amekwisha kwenda zake. Mwaka uliofuata tuliletewa barua ya kwamba amefariki dunia. Hatukupata kumwambia neno la shukrani kwa yote aliyotutendea, na sababu yake ni sentensi moja fupi ambayo tuliyajua maneno yake yote, ila maana yake hatukuijua.

Sasa tutazame chanzo cha kosa lile. Katika Kiswahili, tukitaka kutaja jambo lijalo, twatia "-ta-" katika kitenzi, yakaisha: nitakwenda, tutafika, watarudi. Wataalamu wengi wa lugha wasema kwamba hiyo "-ta-" yatokana na neno "kutaka". Na neno la Kiingereza "will" nalo, katika Kiingereza cha kale, maana yake ilikuwa kutaka. Basi katika jambo hili lugha hizi mbili zafanana kama ndugu. Walakini Mwingereza hakuridhika na njia moja. Sisi tukisema "tutakwenda", msikilizaji hutambua kwa maneno mengine kama ni ahadi, au nia, au jambo lililokwisha kupangwa. Mwingereza apenda kuionyesha tofauti hiyo katika kitenzi chenyewe. Ndiyo maana tulichagua safari iwe somo letu: safari huanza kwa shauri la ghafula, ikawa nia, nia ikawa mpango, kisha mpango ukafuata saa za gari. Na killa hatua ina namna yake ya kusemwa.

Usiku wa kwanza tulijifunza "will". Namna hii yafaa kwa neno aliamualo mtu papo hapo, na kwa ahadi, na kwa kubashiri. Tuliuliza, nani atachukua ramani? Mtoto wetu wa pili akarukia, "I will carry the map!" Mama yao akasema, "I will cook food for the journey." Hakuna aliyekuwa amefikiri mbele, wote waliamua pale pale, na kwa hiyo "will" ndiyo ilikuwa haki yake. Mmoja akabashiri, "I think it will be cold," naye hakukosea. Hapo twapenda kuwakumbusha wazee wenzetu waliofundishwa kusema "I shall" na "we shall", na kuwaachia wengine "will". Kanuni hiyo iliandikwa na John Wallis katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1653. Siku hizi watu wengi husema "will" kwa wote, na "shall" hutumika zaidi katika kuuliza shauri, kama vile, "Shall we go by bus?" Basi msiwakemee watoto kwa neno hilo.

Usiku wa pili tulichagua mahali pa kutembelea, tukajifunza "going to". Hii ni namna ya nia: jambo ambalo mtu amekwisha kulikata moyoni kabla ya kusema. Tulikubaliana kuzuru British Museum huko London, nyumba ya vitu vya kale iliyofunguliwa mwaka 1759, ambayo kuingia kutazama mikusanyo yake hakuna malipo. Tena tukachagua maktaba ya chuo cha SOAS, maana humo imehifadhiwa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, nasi tuliona vema watoto wajue ya kuwa mashairi ya pwani yetu yamefika mbali. Baada ya kukata shauri, killa mtu alisema, "We are going to visit the museum," au "I am going to see the old poems." Vile vile namna hii yatumika pale dalili zionekanapo kwa macho. Usiku ule mawingu meusi yalikuwa yametanda, na mtoto wetu wa mwisho akachungulia dirishani akasema, "It is going to rain." Kabla hatujamsifu, mvua ikanyesha.

Usiku wa tatu tulijifanya kwamba ruhusa ya kuingia Uingereza imekwisha kupatikana, na tikiti zimekwisha kununuliwa. Tutakwenda kwa basi kupitia Namanga hata Nairobi, na kutoka Nairobi kwa ndege iendayo London moja kwa moja, mwendo wa saa nane au tisa hivi. Sasa si nia tena, ni mpango uliofungwa na watu wengine pia. Hapo Mwingereza huacha "will", akasema kana kwamba jambo limekwisha anza: "We are flying on Monday." "My uncle is meeting us in Nairobi." Mara nyingi dalili yake ni kutajwa kwa siku au saa ijayo. Ndipo tulipowasimulia watoto habari za mwalimu wetu. Binti yetu mkubwa akauliza, "Baba, ungalimjibuje?" Tukamwambia, "Mwanangu, ningalisema, 'I am not doing anything, sir. I am free.'" Watoto wakanyamaza kimya. Twaamini ya kuwa hakuna hata mmoja wao atakayesahau somo la usiku ule.

Usiku wa nne tulikuja kwenye ratiba za vyombo vya safari. Tulitaka kupanda treni kutoka stesheni ya King's Cross, London, kwenda Edinburgh katika nchi ya Scotland. Kwa jambo lililoandikwa katika ratiba, Mwingereza hutumia wakati uliopo, kama jua lichwavyo killa siku: "The train leaves at ten." Saa ile ina historia yake. Mwaka 1862 ilianzishwa treni ya mbio iliyoondoka King's Cross saa nne asubuhi, nayo ilichukua muda wa saa kumi na nusu kufika Edinburgh, pamoja na nusu saa ya kusimama katika mji wa York ili abiria wale chakula. Siku hizi mwendo huo wa kilomita 630 hivi humalizika kwa muda wa saa nne na nusu au pungufu.

Angalieni hapa, maana pana mtego. Neno "ten" ni kumi, lakini "ten o'clock" asubuhi ni saa nne kwetu. Mwingereza huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane na adhuhuri. Sisi twaanza alfajiri na magharibi, hata hesabu zetu zikatofautiana kwa saa sita. Msafiri afikaye stesheni saa kumi ataikuta reli tupu.

Na mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao watunasa sisi Waswahili kuliko wengine. Twasema "tutakapofika London," na ndani ya "tutakapofika" mna "-ta-". Kwa hiyo twatafsiri, "When we will arrive in London." Sivyo! Baada ya maneno kama "when", "if", "before" na "after", yanapotaja wakati au sharti la jambo lijalo, Mwingereza haweki "will", husema, "When we arrive in London, we will rest." Dawa yake ni rahisi. Katika fikira zako usiseme "tutakapofika", sema "tukifika". Hiyo "-ki-" haina "-ta-", nayo itakuongoza njia iliyonyoka. Tangu tuwafundishe watoto hivi, kosa hili limepungua sana nyumbani.

Usiku wa tano tulijifunza namna mbili ambazo Kiswahili chenyewe kinazo, kwa hiyo hazikutusumbua. "Tutakuwa tukitembea" ni "we will be walking". "Tutakuwa tumetumia" ni "we will have spent". Tulichukua mfano wa saa. Greenwich, katika jiji la London, ndipo ulipo mstari ambao wajumbe wa mataifa walikubali mwaka 1884 uwe mwanzo wa kuhesabu longitudo za dunia. Saa zetu za Afrika Mashariki zimetangulia za huko kwa saa tatu, na wakati wa kiangazi chao kwa saa mbili. Basi tuliulizana, "Nyumbani watu wakilala usiku, sisi tutakuwa tukifanya nini?" Majibu yalikuwa mengi. Mama yao akamaliza kwa kusema, "By Friday we will have spent all our money," tukacheka sote, maana hata katika safari ya maneno fedha haikukaa.

Yatupasa kukumbuka pia kwamba maneno ya kesho, hata yakipangwa na wafalme, hubaki ya kesho. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alikwenda Uingereza pamoja na karani wake Ham Mukasa kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Siku iliyowekwa ilikuwa 26 Juni. Kwa amri au mpango mkuu namna hiyo Mwingereza husema "is to", yaani, "The King is to be crowned on 26 June." Lakini siku mbili kabla yake mfalme alipasuliwa kwa ugonjwa wa tumbo, na sherehe ikaahirishwa hata 9 Agosti. Habari za safari ile Ham Mukasa aliziandika, na tafsiri yake ya Kiingereza ikapigwa chapa mwaka 1904. Ndiyo sababu wazee wetu huongeza, "Mungu akipenda," na nyongeza hiyo yafaa katika lugha yo yote.

Sasa, ndugu zetu, jaribuni nanyi. Dakika ishirini kwa usiku zatosha. Chagueni mji mmoja, chora ramani juu ya karatasi, na killa mtu aseme sentensi mbili tu, kisha aziandike katika daftari. Kabla ya kusema, mtu ajiulize: je, naamua sasa hivi? Nilikwisha nuia? Nimekwisha patana na mtu? Au ni saa ya ratiba? Jibu lake litamwonyesha kitenzi. Wala asichekwe akosaye, hata akiwa baba mwenyewe; kosa lililosemwa mezani pa nyumbani husahihishwa kwa upole, bali lile letu la njiani halikupata msahihishaji.

Haba na haba hujaza kibaba. Huenda msisafiri kamwe kwenda London, lakini iko siku mtu atawauliza, "What are you doing on Saturday?" Twawatakia mwe tayari kumjibu.